Ngadji: Ngoma Iliyonyamazishwa

Waswahili husema kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilivuma sana wala haikupasuka. Ilichukuliwa. Maafisa wa dola ya Kiingereza waliiondoa mikononi mwa wenyewe mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1908 ikaingizwa katika daftari za British Museum, jijini London. Tangu siku hiyo imo ghalani. Umri wa mtu mzima umepita, na wa pili unakaribia kutimia, bila ya sauti yake kusikika kando ya mto wake.

Khabari ya ngoma hii huenda ikaonekana kuwa ni ya watu wa bara, isiyowahusu sana wakaao visiwani na wapendao mashairi. Sivyo. Wapokomo ni jamaa wa karibu. Wataalamu wa lugha wamekwisha kuziweka Kiswahili, Kipokomo, lugha za Mijikenda na lugha za Visiwa vya Ngazija katika ukoo mmoja, wakauita Sabaki kwa jina la mto wa pwani hiyo. Wapokomo hulima mpunga, mahindi na ndizi kwenye ardhi inayonyweshwa na mafuriko ya Tana, huvua na kusafiri kwa mitumbwi, na mto wao hufika baharini karibu na Kipini, mahali ambapo majahazi ya Lamu na Pate yalizoea kutia nanga. Mchele, nafaka na magogo ya mto huo yamelisha na kujenga miji ya visiwani kwa karne nyingi.

Iko pia jamaa nyingine, ya utungo. Fumo Liyongo, babu wa washairi wa Kiswahili, alizunguka katika nchi hiyo hiyo ya mdomo wa Tana. Watu wa Kipini huonyesha kaburi wanaloamini kuwa ni lake, na Wapokomo nao wana masimulizi yao kumhusu, kwa kuwa wazee wao ndio walioishi chini ya mkono wake. Kila aijuaye hadithi yake anakumbuka alivyotoka gerezani. Mama yake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Liyongo akawaomba watesi wake wamfanyie ngoma kabla ya kufa. Na mlio wa ngoma na matoazi ukaifunika sauti ya tupa iliyokuwa ikila minyororo. Mshairi aliokolewa na ngoma. Kwa hiyo, ngoma ya nchi ya Liyongo inapokuwa kifungoni ughaibuni, washairi wana deni.

Ngadji haikuwa ngoma ya arusi wala ya kuchezwa mwezini. Ilikuwa chini ya ulinzi wa wazee wa Kijo, baraza kuu lililosimamia sheria, ibada na ada za Wapokomo. Ilifichwa mbali na vijiji. Wanawake, watoto na wanaume ambao hawajaingizwa katika siri za wazee hawakuruhusiwa kuiona. Walichopata wao ni sauti yake. Ilipolia, mvumo wake mzito ulisafiri juu ya maji na kupenya migomba, na kila aliyeusikia alijua kwamba kuna jambo: ama watu wanaitwa kwenye ibada, ama wazee wanakutana kukata shauri. Utawala wa Kipokomo haukuwa na majumba ya mawe wala askari wa zamu. Ulikuwa na sauti, na watu walioikubali.

Hapana budi kuliangalia jambo hili kwa makini, maana ndilo linaloeleza kwa nini ngoma ile ilichukuliwa na kwa nini kuchukuliwa kwake kulikuwa pigo kubwa. Dola ya Kiingereza ilipoanza kujenga utawala wake katika pwani na bara ya Kenya, haikupambana na bunduki na mikuki peke yake. Ilikuta mahali pengi kwamba amri ya watu imo katika kitu au katika mahali. Mwezi wa Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa katika mkutano alioitiwa kwa ahadi ya mapatano, na fimbo zake za uongozi zikachukuliwa na Richard Meinertzhagen, afisa aliyemwua, akaenda nazo kwao. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wao kuwa vibarua wa serikali, Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, kitovu cha ibada na mashauri ya Wagiriama. Fimbo, kaya na ngoma havifanani kwa sura. Vilichofanana ni kazi: kila kimoja kilikuwa mahali pa kukutania watu na neno lao. Aliyekiondoa aliwaacha watu wapo, lakini bila ya kikao.

Ilipofika London, ngadji iligeuka kitu kingine. Iliandikiwa namba, ikapewa maelezo mafupi, ikawekwa pamoja na maelfu ya vitu vya Afrika visivyopata nafasi ya kuonyeshwa. Kitu ambacho zamani hakikuonekana kwa sababu ya heshima sasa hakionekani kwa sababu ya msongamano. Mwaka 2016 mfalme wa Wapokomo alifika London, akafunguliwa ghala, akaitazama ngoma ya wazee wake. Aliingia kama mgeni, akatoka kama mgeni, na ngoma ikabaki.

Sasa msomaji na aukumbuke mwaka 1963, maana mwaka huo una mambo mawili ambayo hayajazoea kutajwa pamoja.

La kwanza linajulikana na kila mtoto wa shule wa Kenya, ijapokuwa wengi hawajui asili yake. Kenya ilikuwa inakaribia uhuru, na ilihitaji wimbo wa taifa. Kamati ya watu watano wenye elimu ya muziki, miongoni mwao Graham Hyslop na Thomas Kalume, ilitafuta sauti iliyo ya wenyeji. Waliipata kwa Wapokomo. Mzee Meza Moroa Galana aliwapa wimbo ambao akina mama wa Tana huwaimbia watoto wachanga ili walale. Sauti ile ya kubembeleza ikatiwa maneno mapya ya Kiswahili na ya Kiingereza, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ilipopandishwa, nchi nzima ilisimama wima kwa wimbo wa mama wa Kipokomo.

La pili halikuimbwa. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya British Museum, inayowakataza wadhamini wake kutoa kitu chochote kilichomo katika hazina yao, isipokuwa kwa sababu chache: kwamba kina pacha wake, kwamba kimeharibika, au kwamba hakifai tena kuhifadhiwa. Sheria haikuwataja Wapokomo, na walioiandika yawezekana hawakupata kulisikia jina lao. Hata hivyo iliifunga ngadji kwa kufuli la pili, katika mwaka ule ule ambao Wapokomo waliipa nchi yao mpya kitu kilicho bora kabisa walichokuwa nacho.

Mambo haya mawili yakiwekwa kando kwa kando, yanafundisha tofauti ambayo mara nyingi husahauliwa pale watu wanapojadili vitu vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya. Wimbo wa kubembeleza ulitolewa. Aliyeutoa hakubaki bila ya kitu: mama wa Tana angali anauimba, na mtoto wake angali analala kwao. Sauti ina baraka hiyo, kwamba mtu anaweza kuitoa yote na kubaki nayo yote.

Maandiko yako karibu na hali hiyo. Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wanajua kwamba nyingi katika nakala za kale za tenzi zimo London na katika miji ya Ujerumani. Muhammad Kijumwa wa Lamu, mshairi, mchongaji, mpiga kinanda na mwandishi wa khati nzuri, ambaye aliutunga utenzi wake wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Alifanya kazi hiyo kwa hiari, akaipatia malipo, na mara nyingine aliandika jina lake mwishoni mwa nakala. Mtu aweza kuuliza kama malipo yale yalikuwa ya haki, na aweza kutamani nakala zile zingekuwa Lamu. Lakini hawezi kusema kwamba Kijumwa alinyang'anywa. Tena utenzi, kama wimbo, hauishi kwa kunakiliwa. Siku hizi nyingi katika nakala hizo zimepigwa picha, na kijana wa Siu au wa Micheweni aweza kuzisoma kwenye kompyuta, na beti zile zikawa ni zile zile, kwa vina na mizani yake.

Ngoma haina baraka hiyo. Ngadji ipigwe picha, ipimwe urefu na upana, ielezwe kwa maneno ya wataalamu, na yote hayo yawekwe mbele ya Wapokomo: bado hawatakuwa na ngadji. Picha haivumi. Kitu kile ni kimoja. Kikiwa London, hakipo Tana. Ndiyo maana neno zuri la siku hizi, kwamba hazina za makumbusho makubwa ni mali ya wanadamu wote, halitoshi hapa. Wimbo wa Kipokomo umekuwa mali ya wengi kwa sababu wenyewe waliutoa. Ngadji haikufanywa mali ya wote. Iliondolewa kwa wachache waliokuwa nayo, ikapewa giza.

Hoja nyingine husema kwamba lau ngoma ingebaki Tana, mchwa wangekwisha kuila. Hoja hii ina uzito wake, na isidharauliwe. Mbao huoza, na mafuriko ya Tana hayachagui. Lakini watu wa pwani wanajua namna nyingine ya kuhifadhi. Paa la makuti haliwekwi ghalani, huezekwa upya. Ngozi ya ngoma ikichakaa huwambwa nyingine. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja mmoja hata usijue ubao wa kwanza ulikuwa upi, nalo jina lake ni lile lile. Utenzi wenyewe umeishi kwa njia hiyo, kila kizazi kikiunakili kabla karatasi haijaliwa na wadudu. Makumbusho huhifadhi kitu kwa kukizuia kisitumike. Wenyewe walikihifadhi kwa kukitumia, na katika kukitumia walihifadhi pia elimu ya kukitengeneza. Ubao wa ngadji umebaki London. Elimu iliyokuwa ikiizunguka haikuwa na ghala la kuingia, na imepungua kwa kila mzee aliyezikwa.

Kuhusu sheria, ni kweli kwamba wadhamini wa British Museum wamefungwa mikono. Mwaka 2024 watu wa Asante wa Ghana walipelekewa Kumasi vitu vya dhahabu vya wafalme wao vilivyotekwa na Waingereza katika karne ya 19, lakini walipelekewa kwa mkopo wa miaka mitatu. Mwenye mali akaazimwa mali yake, akatia saini. Lakini sheria ni kazi ya mikono ya watu. Wafaransa nao walikuwa na sheria inayozuia mali ya makumbusho yao isitoke, na nao walikuwa na ngoma: Djidji Ayôkwé, ngoma isemayo ya Waebrié wa Côte d'Ivoire, gogo la mita tatu na zaidi lenye uzito unaopita kilo 400. Waebrié waliitumia kupashana khabari kutoka kijiji hadi kijiji, na hata kuonyana kwamba maafisa wanakuja kukamata watu wa kazi za kulazimishwa. Wafaransa waliichukua mwaka 1916. Mwezi wa Julai 2025, Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria mahsusi kwa ajili ya ngoma hiyo moja, ili irudi kwao. Lililowezekana Paris haliwezi kuitwa muhali London.

Tena yako marejeo ambayo hayakungoja sheria. Mwaka 2006 fimbo tatu za Koitalel zilirudishwa Kenya na mwana wa yule aliyezichukua, baada ya miaka mia na moja. Hakuna bunge lililokaa. Ilitosha mtu mmoja kukubali kwamba kitu kilichokuwa nyumbani kwake hakikuwa chake. Na mwaka 2007 kigango kilichoibwa kwa Wagiriama katika miaka ya 1980 na kufikishwa Marekani kilirudi kwa jamaa waliokisimamisha. Vigango, ile miti iliyochongwa kwa ajili ya roho za wazee wa chama cha Gohu, havikuchukuliwa na wakoloni. Vingi viliuzwa na wezi na wachuuzi baada ya uhuru, na viliponunuliwa Ulaya na Marekani viliitwa sanaa. Khabari yake inawakumbusha watu wa pwani kwamba si kila mkono uliobeba ulikuwa wa Mzungu. Inawakumbusha pia kwamba kurudi kuna adha zake: viko vigango vilivyorudishwa vikakwama uwanja wa ndege wa Nairobi kwa kudaiwa ushuru, kana kwamba wazee wale walikuwa bidhaa.

Kwa hiyo maswali ya nyumbani nayo yaulizwe. Wapokomo wa leo si Wapokomo wa 1908. Wa juu ya mto wengi wao ni Waislamu. Wa chini wengi ni Wakristo, tangu wamishionari wa Kijerumani walipojenga Ngao katika miaka ya 1880. Wapo kati yao, na wapo katika majirani zao, wanaouliza: ngoma ya ibada ya kale irudi kufanya nini? Nani ataisujudia? Na irudi wapi, Nairobi au Tana, na ufunguo ashike nani?

Swali la dini lina jibu katika visiwa vyenyewe. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa Lamu. Hakuna mtawala anayesimikwa kwazo leo. Hata hivyo hakuna mtu wa Lamu ambaye angekubali zikae katika ghala la mbali kwa hoja kwamba kazi yake imekwisha. Mtoto hupelekwa kuzitazama, akaambiwa: hii ndiyo iliyolia katika arusi za wakubwa, hii ndiyo iliyokuwa heshima ya mji. Kukirudisha kitu hakumlazimishi mtu kurudi katika itikadi ya zamani. Kunamrudishia haki ya kuamua mwenyewe: akihifadhi, akilize, akifiche tena kama wazee walivyokificha, au akiweke mbele ya wanafunzi. Kwa sasa uamuzi huo uko kwa watu ambao hata sauti yake hawaijui.

Swali la nani ashike ufunguo ni gumu zaidi, wala halitajibiwa kwa barua kutoka London. Litajibiwa kwa kikao. Na hapo ndipo mtu anapoiona hasara yenyewe ilivyo. Mwaka 2012 na 2013 damu nyingi ilimwagika katika mdomo wa Tana, Wapokomo na Waorma wakiuana kwa ajili ya ardhi, malisho na maji. Ni uongo kudai kwamba ngoma moja ingeyazuia mauaji yale. Sababu zake zilikuwa nyingi, na Waorma hawakuwa chini ya ngadji. Lakini ni kweli kwamba jamii iliyokuwa na sauti moja ya kuwaita wazee wake, ambayo kila mtu aliitii hata akiwa hakuipenda, imeishi zaidi ya karne moja bila ya sauti hiyo, na hakuna iliyowekwa badala yake yenye nguvu sawa.

Kati ya mwaka 2018 na 2021 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na makumbusho ya Köln na Frankfurt na wasanii wa Nairobi na Ulaya, waliifanya kazi ya kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyomo ng'ambo. Walipata zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Katika wingi huo ziko sahani, ziko pinde, ziko shanga, na si kila kimoja kinaliliwa na mtu. Viko vilivyonunuliwa kwa haki na viko vilivyotolewa kwa mapenzi. Orodha ni mwanzo mwema kwa sababu inamwezesha mwenye kitu kukidai kwa jina lake. Wapokomo hawahitaji orodha ndefu. Wanakidai kitu kimoja, wanakijua jina, na wanajua mlango wa ghala kilimo.

Kila siku bendera ya Kenya inapopandishwa shuleni, watoto ambao hawajapata kuuona Mto Tana huimba kwa sauti ya mama wa Kipokomo. Wenye wimbo huo hawakuuomba urudi. Ilikuwa zawadi, na zawadi hairudishwi. Ngadji haikuwa zawadi.